Kutoka Bariadi hadi Ziwa Duluti: matembezi yanayopimwa kwa hatua za bibi

Bariadi ni nchi ya mbuga na mashamba ya pamba. Mtoto anayekulia hapa huyajua maji kwa sura mbili: lambo la kunyweshea ng'ombe, na Ziwa Victoria lililolala wazi upande wa Lamadi. Ziwa lililokaa ndani ya mlima, likazungukwa na msitu kama maji yaliyomo ndani ya bakuli, wengi wa watoto wetu hulisoma tu katika vitabu vya jiografia. Qur'ani imetuhimiza mara nyingi kutembea katika ardhi na kutazama, na familia inayojaaliwa uwezo wa kufanya hivyo haina sababu ya kuliacha jambo hilo kwa watalii peke yao.

Kwa kutazama ramani, mojawapo ya maziwa ya kasoko yaliyo karibu nasi ni Empakaai, katika Hifadhi ya Ngorongoro. Hata hivyo, Empakaai si mahali pa kumpeleka bibi wa miaka 70 na mjukuu wa miaka 5. Njia yake hushuka kwa ukali, hupandwa kwa ukali ule ule wakati wa kurudi, na ni lazima kufuatana na askari wa wanyamapori. Familia itafute ziwa ambalo wote watalifikia. Ziwa hilo ni Duluti, lililoko Tengeru, chini ya Mlima Meru, kilomita chache kutoka mjini Arusha kwa barabara ya Moshi.

Duluti ni kasoko ya volkano iliyojaa maji. Msitu unaolizunguka umehifadhiwa chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na njia ya miguu inayolizunguka ziwa haizidi sana kilomita 3 na nusu. Mtu mzima hulizunguka kwa muda wa saa moja hivi. Familia yenye wazee na watoto ijiwekee saa mbili na nusu. Mahali hapo pana kimo cha karibu mita 1,290 juu ya usawa wa bahari. Sisi wa Simiyu, ambao Ziwa Victoria letu lenyewe liko kwenye mita 1,134, hatutaona tofauti yoyote katika kupumua.

Ugumu, basi, hauko mlimani bali barabarani. Kutoka Bariadi hupitwa Maswa, Shinyanga, Nzega, Singida na Babati hadi kufika Arusha. Wenye watoto wadogo wafanye busara ya kulala Singida, na wasianze matembezi siku ile ile waliyofika. Wakati mzuri ni mwezi wa Juni: mvua za masika zimekwisha, shule zimefungwa, na wengi wetu tumekwisha kuuza pamba ya kwanza. Lakini Juni ya Arusha ina baridi na mawingu mazito, kwa hiyo kila mtu achukue sweta, wala mzazi asiwaahidi watoto kwamba wataiona Kilimanjaro. Mawingu yakifunguka, itakuwa ni ziada.

Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba watu watatu wakisafiri wamteue mmoja wao kuwa amiri, na amemuusia imamu aifanye Swala nyepesi kwa kuwa nyuma yake wapo wadhaifu na wazee. Mafunzo hayo mawili yakikutana, ndiyo mpango mzima wa safari hii. Amiri wa familia asiwe yule mwenye miguu mepesi anayetangulia mbele. Na awe ndiye anayetembea nyuma pamoja na bibi, na wengine wote wafuate mwendo wake. Wiki mbili kabla ya kuondoka, tembeeni pamoja jioni hapa hapa Bariadi kwa muda wa saa nzima. Hapo mtajua ni nani anayechoka, ni kiatu gani kinachobana, na mapumziko yanahitajika baada ya dakika ngapi.

Mavazi ya stara hayazuii matembezi, ila buibui linaloburura hunasa kwenye mizizi. Gauni pana linaloishia kwenye kifundo cha mguu, suruali ndani yake, na raba zenye nyayo za kushika ardhi hutosha. Chakula kitoke nyumbani: michembe, karanga na maji ya kutosha. Kifungeni vizuri, maana msituni mna kima, na kima haombi ruhusa.

Jambo lisilo na mzaha ni maji. Kingo za kasoko huenda chini kwa ghafla, na mtoto aliyezoea lambo la kina cha goti hawezi kulijua hilo. Kila mtoto mdogo ashikwe mkono na mtu mzima mmoja aliyetajwa kwa jina, kwa kuwa mtoto anayeangaliwa na wote mara nyingi haangaliwi na yeyote. Pasiwe na kuogelea. Mitumbwi ipo, lakini asiyevaa jaketi okozi asipande. Sisi wa Kanda ya Ziwa, tulioona MV Bukoba mwaka 1996 na MV Nyerere mwaka 2018, hatuhitaji kuelezwa zaidi. Hata maji ya udhu yachukuliwe katika madumu madogo, ili pasiwe na sababu ya kuteremka ukingoni.

Adhuhuri ikiingia, msafiri ana ruhusa ya kupunguza na kukusanya Swala. Muulizeni imamu wenu hukumu zake kabla ya kuondoka. Pale Duluti kibla kiko kaskazini, kikielekea kidogo mashariki. Meru ikiwa wazi, mtaiona mbele yenu, kidogo upande wa kushoto. Tandikeni mkeka, asimame bibi pamoja na wajukuu zake. Kama amefika hapo bila kuchoka, safari yenu imefaulu, inshaAllah.