Rafu ya Chini, Rafu ya Juu

Kila shule zinapofungwa, mimi huondoka na mfuko wa vitabu, nusu vya rafu ya chini na nusu vya rafu ya juu. Rafu ya chini ni ya wanafunzi. Ya juu ni ya walimu, wazazi na yeyote mwenye kimo cha kuifikia. Utaratibu huo niliukuta nilipohamishiwa shule hii ya msingi hapa Tanga. Chuoni Bagamoyo, tuliposomea ukutubi, tulifundishwa kwamba fasihi ya Kiswahili namba yake ya maktaba ni 896.392, iwe hadithi iliyotungiwa watoto au riwaya ya Kezilahabi. Namba haina habari na umri wa mtu. Umri aliuweka fundi seremala.

Watu wakisikia mkutubi hudhani nashinda nimekaa nasoma. Mchana wangu ni sindano, uzi na gundi: kushona migongo iliyoachia, kuvalisha majalada karatasi ya kaki, kufukuza mchwa, kumfuatilia mtoto aliyehamia Muheza na kitabu chetu. Kusoma ni kazi ya jioni na ya likizo.

Likizo iliyopita nilibeba Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Mzanzibari aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 2021. Kwa Kiingereza ilitoka 1994. Sisi tulisubiri hadi 2022, Mkuki na Nyota walipoichapa kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Ni kitabu cha rafu ya juu, hilo halina ubishi. Lakini anayetembea ndani yake ni Yusuf, mtoto wa miaka 12, anayepandishwa treni pamoja na tajiri Aziz, mtu aliyedhani ni ndugu yao, kumbe babake kamtoa rehani kwa deni. Wengi husifia safari ya bara, ule msafara wa wapagazi na bidhaa. Mimi nilinasa dukani. Yusuf na Khalil, kijana aliyetolewa rehani kabla yake, wanalala nje, mbele ya duka, na Khalil hachoki kumkumbusha kwamba yule si mjomba wako, mwite Seyyid. Niliisoma sehemu hiyo, nikaweka kitabu chini, nikaanza kuwahesabu kichwani watoto wa shule yetu wanaokaa kwa watu wanaowaita mjomba na shangazi, wanaouza maandazi kabla kengele haijalia. Hao wangemwelewa Khalil upesi kuliko walimu wao.

Hadjivayanis huyo huyo ndiye aliyetutafsiria Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu, iliyotoka 2015, nami nikavisoma vitabu hivi viwili kwa kupokezana. Mmoja anatumbukia katika shimo la sungura, mwingine anapanda treni, na wote wanaangukia kwa watu wazima wanaotoa amri bila kueleza sababu. Cha kushangaza, aliyenichosha ni Alisi, tena wa rafu ya chini. Shule zilipofunguliwa nilikisoma kwa sauti mbele ya darasa la tano. Malkia alipoanza kuamuru watu wakatwe vichwa, walicheka mpaka mwalimu wa chumba cha pili akachungulia. Kwenye vitendawili na mabishano ya mezani, macho yakahamia dirishani, na sikuwalaumu.

Asiyeshindwa kuwashika ni Shaaban Robert, mtu wa kwetu, mzaliwa wa Vibambani, 1909. Walimu wenzangu husema Kiswahili cha Adili na Nduguze ni kizito mno kwa watoto. Ni kizito, kweli. Lakini mtoto husamehe neno asilolijua mradi bakora iko hewani, na humo Adili anawachapa manyani wawili kila usiku, na mfalme anataka kujua kwa nini. Miaka ya nyuma, nikiwasomea, nilipofika hapo nikafunga kitabu, makusudi. Binti mmoja wa darasa la nne akainua mkono.

“Mwalimu, hao nyani wanajua kosa lao?”

“Subiri kesho, mwanangu.”

“Kama hawajui, basi anayewachapa anaonea.”

Walinifuata mpaka getini wakigombana, nusu upande wa Adili, nusu upande wa nyani.

Siku Njema ya Ken Walibora, ya mwaka 1996, niliazima kwa jamaa yangu wa Mombasa. Mkenya anaandika habari za kijana wa Tanga anayefunga safari hadi Kitale kumtafuta babake! Niliianza kwa nia ya kumvizia akosee mtaa, nikajikuta nimefika Kitale.

Si kwamba nataka rafu zote ziwe moja. Rosa Mistika ya Kezilahabi, iliyotoka 1971, ilipigwa marufuku shuleni, baadaye ikaruhusiwa. Mimi naiheshimu sana, na mtoto wa darasa la sita simpi. Asubiri sekondari.

Upande wa pili, msomaji wangu mkubwa wa rafu ya chini ni mlinzi wetu wa usiku. Hupita jioni kabla sijafunga.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, Mwalimu. Nipatie cha mjukuu, chenye herufi kubwa.”

Nikampa kijitabu chembamba cha hadithi ya fisi, katika vile tulivyoletewa na Mradi wa Vitabu vya Watoto, ambao tangu 1991 umekuwa ukinunua nakala kwa wachapishaji na kuzigawa mashuleni. Asubuhi akakirudisha amekasirika.

“Huyu mtunzi kamwonea fisi. Kaona nyama, kaila. Kosa lake lipi?”

“Mjukuu kasemaje?”

“Mjukuu alilala mapema.”

Muhula huu nimebandua vibandiko vya rafu zote mbili, nikashusha Peponi hadi mahali mkono wa darasa la saba unapofika. Mwalimu mkuu, ambaye angependa nafasi yote ijazwe mitihani ya miaka iliyopita, akauliza itakuwaje mzazi akilalamika. Nikamwambia aje, nitampa kiti na kitabu, akishasoma tutazungumza. Binti yule wa manyani, sasa yuko darasa la saba, amejiandikisha wa kwanza kuisubiri. Itabidi avumilie: nakala ni moja, iko kwa mwalimu wa hisabati, na tarehe ya kuirudisha ilishapita.