Wapangaji wa Jiwe la Kanamai

Bamvua la mwezi mpevu lilipokuwa likipwa, tulivuka daraja la Nyali na lile la Mtwapa, tukateremka Kanamai na ndoo ya maji ya bahari. Ndani ya ndoo mlikuwa na jiwe. Tulipewa jiwe hilo na mzee mmoja mvuvi wa huko, tukalitia katika tangi la kioo sebuleni mwetu, Kibokoni, pamoja na samaki wawili wadogo aliotuvulia mwenyewe. Watoto walifurahi mno, wakasema bahari imehamia nyumbani.

Wiki ya pili samaki mmoja alikufa. Alfajiri tulimkuta mnyoo mwekundu, mwenye safu za manywele meupe ubavuni, akiyala mabaki yake. Tulimtoa kwa vidole, naye akatuachia vijiba vilivyowasha siku nzima. Tukamwua bila ya kusita. Hata hivyo, usiku tuliendelea kuusikia mlio wa tak, tak, mfano wa kidole kigongacho kioo. Siku tatu baadaye samaki wa pili naye hakuonekana.

Yapata saa nne asubuhi maji yalikuwa yamekwenda mbali, na mawimbi yalionekana kama uzi mweupe juu ya mwamba wa nje. Tulikunja mabuibui, tukavaa viatu vya mpira, tukamfuata mzee kati ya majani ya bahari na vidimbwi vya maji vuguvugu. Tulipita viti vya pweza na majongoo bahari waliolala mchangani.

"Shikamoo, babu," mwanetu alimwamkia.

"Marahaba, mjukuu wangu. Haya, lete tumwone mgeni wenu."

Aliliinua jiwe juu ya ndoo, akaliacha lichuruzike maji. Punde, katika tundu lisilozidi upana wa kidole gumba, alichomoza kamba wa kijani, macho yake juu ya vijiti, mikono ameikunja kama vunjajungu. Mzee alitueleza kuwa kamba huyo hupiga pigo la ghafla, lenye nguvu ya kupasua gamba la konokono. Ndiye aliyekuwa akigonga usiku.

"Huyu ndiye mla samaki wenu, wanangu. Mnyoo ni mfagiaji tu. Hula kilichokwisha kufa."

Tulitazamana. Kisha alituonyesha vijiua vya rangi ya kahawia, vyenye mikono myembamba, vilivyotapakaa juu ya jiwe. Tulikiri kuwa tulivikwangua kwa kisu. Akatikisa kichwa: hao nao ni wanyama, huwasha majirani zao, na kipande kidogo kinachobaki huota kikawa mwingine. Tulidhani tunasafisha, kumbe tunapanda.

Tukiwa katika mazungumzo hayo, mwanetu aliinama kuokota kombe zuri kwenye kidimbwi, lenye umbo la pia na madoa kama ya kitambaa kilichofumwa. Mzee alimdaka kifundo cha mkono.

"Huyo haguswi!"

Ndani ya kombe alikuwamo konokono hai. Jamii hiyo huwinda kwa jino mfano wa sindano lenye sumu. Baadhi yao wamewahi kuua watu, wala hakuna dawa ya kuivunja sumu hiyo. Mchana hujificha chini ya mawe na mchangani. Tulikumbuka mara ngapi watoto walitia mikono tangini kulipapasa jiwe lile, na mwili ukatusisimka.

Mzee alituusia mambo mawili. Jiwe la bahari lisiingie nyumbani kabla ya kukaa peke yake ndooni siku kadhaa na kuchunguzwa usiku kwa tochi. Na mtoto asiokote kombe asilolijua. Nasi tunaongeza kuwa katika hifadhi za bahari kama Watamu, iliyotengwa tangu mwaka 1968, hairuhusiwi kuokota hata kombe tupu.

Mzee alilirudisha jiwe katika kidimbwi alikolitoa, pamoja na kamba wake. Mwanetu alilitazama kwa muda, kisha akauliza, "Mama, na yule mnyoo je?"

Hatukuwa na la kumjibu. Tulichukua ndoo tupu, tukaanza kurudi pwani kabla ya maji kujaa.