Mashimizi Matatu

Jumatano, 12 Juni 2024
Nimempima mtoto wa Dada gauni la sendofu. Kiuno 25, hipsi 34. Mteja aliyekaa kwenye benchi akamwambia, "Hongera mwaya, umekuwa modo kabisa!" Mtoto akacheka. Mimi nikashindwa hata kuandika vipimo. Mwili ule ni wa mama yake mtupu.

Jumamosi, 15 Juni
Usingizi umenipaa. Nawaza Bukoba ya mwaka 1993. Dada alikuwa mwembamba tangu utotoni. Alikula, alilima, hakuwahi kulazwa. Lakini wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walibainika Kagera mwaka 1983, na miaka kumi baadaye tulikuwa bado tunazika. Ng'ambo kwa Waganda waliuita silimu, kwa jinsi ulivyokondesha. Wazee wa mchumba walikuja, wakamtazama shingo na mikono, wakala ndizi, wakaaga. Kimya. Tangu siku hiyo Mama akawa anamvika mashimizi matatu ili aonekane amejaa. Nilimwona akiyavaa moja juu ya jingine, jua kali, haongei.

Jumatano, 19 Juni
Mtoto kaja kujaribu. Anasoma saikolojia. Ananiambia Devendra Singh aliandika mwaka 1993, mwaka uleule, kwamba wanaume wa Marekani walioonyeshwa michoro walipenda kiuno kilicho sehemu saba kati ya kumi za hipsi. Yaani 28 kwa 40. Wateja wa hivyo ninao, na bado wanataka vigodoro. Lakini Wahadzabe wa Ziwa Eyasi walipoonyeshwa michoro ya mbele wakachagua kiuno kinene zaidi. Mwaka 2005 Frank Marlowe na wenzake wakawachorea mwanamke aliyegeuka ubavu. Wakapenda makalio yaliyochomoza. Hapo nawaelewa: mwenye makalio usipomwongezea urefu nyuma, pindo linapanda.

Ila wale wazee hawakuwa wakitazama mchoro. Walifika kwetu wakitokea matangani. Siwachukii tena, lakini Dada alikaa miaka minane bila kuposwa.

Jumamosi, 22 Juni
Dada kafika na basi la usiku. Kalishika gauni, kalipima kifuani pake. Nikamwambia alivae. Zipu ilipanda mpaka juu bila kukwama. Akasimama mbele ya kioo muda mrefu, akajigeuza ubavu.

"Shimizi umeshamshonea?"

"Bado, Dada."

"Usimshonee."