JAMAA WA SINZA, MDOLI WA SENTIMITA 30 NA PICHA ILIYOFIKA MULEBA

Wadau, kuna picha ya nyeusi na nyeupe imezunguka sana kwenye magrupu ya WhatsApp: askari kijana kasimama kwenye majani marefu, moshi nyuma yake, macho yanaangalia pembeni. Chini yake watu wameandika "Shujaa wa Vita vya Kagera". Wengine wakamwaga emoji za machozi. Basi yule siyo mtu. Ni mdoli, na kapigwa picha uani Sinza, nyuma ya tangi la maji.

Mwenye mdoli ana miaka 28, mchana anauza vipuri vya simu Kariakoo. Usiku anakuwa fundi wa midoli ya skeli ya moja kwa sita, ile ambayo mtu mzima anatoka na urefu wa kama sentimita 30. Siyo kitu kipya, G.I. Joe ya mwaka 1964 ilikuwa saizi hiyohiyo. Siku hizi wakali ni Hot Toys wa Hong Kong, ambao mdoli wao mmoja unaweza kuvuka dola 200. Jamaa hana hela hiyo. Anaagiza mwili mtupu na kichwa cha bei poa kutoka China, mengine anamalizia mwenyewe.

Huyu mdoli alitaka awe babu yake. Babu alienda vitani baada ya majeshi ya Amin kuingia Kagera Oktoba 1978, akamwachia bibi mtoto mgongoni. Kampala ilipoanguka Aprili 1979 wenzake walirudi, yeye hakurudi. Ilibaki picha moja tu ya saizi ya paspoti, kichwa na mabega, kona imeliwa na mchwa.

Kichwa peke yake kilimla miezi miwili. Alikisugua kwa msasa mpaka sura ya kiwandani ikafutika, akajenga pua na masikio kwa udongo wa epoksi. Rangi anapaka nyembamba nyembamba, tabaka juu ya tabaka, maana ukipaka nzito ngozi inakuwa kama ndoo ya plastiki. Macho kachora kwa kijiti cha kuchokolea meno, kisha akayang'arisha kwa rangi ya kucha ya mchumba wake, ile isiyo na rangi. (Kesi hiyo iliisha kwa chipsi kuku.) Nguo alishonewa na fundi cherehani wa mtaani kutoka kwenye suruali ya mtumba ya kijani. Fundi alicheka mpaka akaita wenzake.

Kwenye picha ndiyo kuna utundu. Mchanga wa kawaida ukiuweka karibu na mtu wa sentimita 30 unaonekana kokoto, kwa hiyo alichekecha udongo kwa chujio la chai. Majani marefu ni mchaichai. Moshi ni udi. Simu kailaza chini kabisa, kwenye usawa wa macho ya mdoli, kwa sababu ukipiga kutoka juu mdoli unabaki mdoli. Akasubiri jua la saa kumi na moja na nusu.

Akamtumia mama yake, basi. Mama akamrushia mjomba, mjomba akaenda kuichapisha Bukoba mjini, akaiweka kwenye fremu, akampelekea bibi Muleba. Kesho yake ikaingia sauti ya bibi, analia: "Mume wangu, umemtoa wapi huyu?" Anamwita mume wangu tangu mdogo, si mnajua bibi na wajukuu. Jamaa aliisikiliza mara tatu. Siku mbili hakujibu, halafu akaandika, "Nilitafuta tu bibi." Hapo ndipo alipoharibu.

Mchumba hakupepesa macho: "Utaenda umwambie, au nampigia mimi."

Krismasi akapanda basi, mdoli ndani ya boksi la viatu. Fremu aliikuta ukutani, pembeni ya kalenda ya kanisa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu."

Akafungua boksi, maneno yakamkauka. Bibi akavaa miwani, akamshika mdoli kiunoni, akamgeuza taratibu.

"Nilianza kushtuka siku ya pili," akasema. "Babu yako hakuwahi kufunga kamba za viatu vizuri hivi."

Jamaa akaomba msamaha. Bibi akawa bado anakagua. "Masikio umeyapata kabisa. Ila urefu huu hapana. Alinifika hapa," akagusa paji la uso wake. Jamaa akauliza kama aishushe ile fremu. Bibi akasema iache, kwani inamla nani chakula.

Mdoli kabaki Muleba, bibi kakataa asirudishwe Dar kukatwa miguu. Jamaa kaagiza mwili mwingine, mfupi, ampeleke Pasaka. Mchumba bado hajaambiwa bei.