Kliniki ni Jumanne

Mkoba wangu una mashine ya presha, kipimo cha sukari, mizani na ule utepe wa rangi tatu wa kupima mkono wa mtoto kujua kama ana utapiamlo. Tulipewa mwaka 2023, serikali ilipogawa mikoba hiyo kwa wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini. Mimi nilikabidhiwa kaya mia moja hivi za Kiandutu, Thika, mtaa ambao jina lake latokana na ndutu, yaani funza kwa Kikuyu.

Kosa langu liko kwenye daftari. Mama mmoja, kibarua wa viwandani, presha yake ilisoma 178 kwa 106. Nikampeleka kliniki, akapewa dawa na kadi ya kurudi kila Jumanne ya kwanza ya mwezi. Mwezi wa pili hakurudi. Wa tatu vilevile. Nikaandika: mgonjwa mkaidi.

Jioni moja nikamkuta akikatakata sukuma wiki mlangoni, nikamkaripia mbele ya majirani. Hakujitetea. Aliingia ndani, akatoa pakiti ya dawa chini ya godoro. Alikuwa akimeza tembe moja na kuruka siku mbili, ili pakiti ya mwezi mmoja ivuke miezi mitatu.

"Daktari," akaniambia, ingawa mimi si daktari, "kliniki ni Jumanne. Nikikosa langoni Jumanne, msimamizi anachukua mwingine, na Jumatano sitaitwa."

Nililifuta lile neno. Lakini majirani walikuwa wameshalisikia.

Tangu hapo mafundisho yangu yananikwama kooni. Namwambia mtu afanye mazoezi, naye ametembea hadi kazini na kurudi ili kuokoa nauli. Namwambia ale matunda. Mananasi yamejaa nje ya mji huu hadi upeo wa macho, ila pesa ya jioni ni ya unga na makaa. Namwambia apunguze chumvi, na mboga isiyo na mafuta wala nyanya haina kingine cha kuitia ladha.

Halafu kuna bima ya afya ya serikali. Tangu Oktoba 2024, SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 kila mwezi. Kibarua wangu hutakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mkupuo, isiyopungua shilingi 3,600. Akishindwa, anaelekezwa achukue mkopo. Yaani mwenye kipato cha kubahatisha ndiye anayedaiwa ya mwaka mzima kabla hajaugua, na sijawahi kuona haki katika mpango huo.

Niliwahi kwenda Ruiru kuwasaidia wenzangu kupima watoto katika maghorofa ya vyumba vya kupanga. Mtoto wa miezi minane, utepe ukasimama kwenye manjano. Mama yake alinitajia mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba mtoto hunyonyeshwa miezi 6 bila kupewa kitu kingine. Somo analijua. Alirudi kazini mtoto akiwa na wiki tano. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama likizo ya uzazi ya miezi 3 yenye malipo, lakini yeye huajiriwa asubuhi na kuachishwa jioni. Mtoto hushinda beibikea, chumba kimoja, watoto kumi na wawili, chai ya rangi kwenye chupa ya kunyonyea. Nikampa barua ya kwenda zahanati. Alitazama siku iliyoandikwa, akaikunja mara nne.

Siku hizi natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Nasimama kando ya barabara wanakopita vibarua, mashine mkononi, tochi ya simu kinywani. Dawa zao nawachukulia mimi kliniki siku ya Jumanne, kadi tano au sita kwa pamoja, muuguzi amenielewa. Yule mama hupita kabla ya wengine. Hukunja mkono wa sweta akiwa bado anatembea.

"Haraka, daktari, wanahesabu."

Jana ilisoma 150 kwa 94. Bado iko juu.