Uwanda wa Ufipa na Kazi ya Nusu Siku

Msafiri ashikaye njia ya Tunduma kwenda Sumbawanga hupanda polepole, hata ajione juu ya uwanda mpana wenye miti michache na upepo usiokoma. Huo ndio Ufipa, ulio kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Mji wake u juu ya bahari kwa kadiri ya mita 1,800, na jina lake, kwa Kifipa, lamtaka mgeni autupe uchawi wake. Sisi tuliingia mwezi wa Julai, na tulichotupa upesi ni kiburi cha kanzu nyepesi, maana baridi ya usiku wa huko haina mzaha na mtu wa pwani.

Kilimo cha Wafipa kina sifa ya tangu zamani. Mvua zikikaribia kwisha hulima nyasi na kuzifunika kwa udongo, yakawa matuta ya mviringo. Nyasi huozea ndani zikawa mbolea, na msimu ufuatao matuta hayo hutawanywa, ikapandwa mbegu. Siku hizi mahindi ndiyo yaliyotawala, na malori huyachukua kwenda mbali.

Kilimo hicho ndicho kilichomleta mwenyeji wetu, afisa kilimo mzaliwa wa Kilwa, pamoja na mkewe, Mkenya wa Mombasa. Kwa bwana, Sumbawanga ni mbali tu. Kwa bibi ni nchi ya watu. Jamaa hana, Kifipa hakijui, na mumewe hushinda vijijini. Lakini mikono yake ina kazi: ni hodari wa kushona kofia za vito. Mwenye duka mmoja alipoziona, alimwomba aje kila asubuhi, tangu saa mbili hadi saa sita, kwa ujira. Bibi alifurahi. Bwana alifurahi kupita kiasi, kwani tulimsikia akihesabu jinsi ujira huo utakavyolipa kodi ya nyumba.

Tulimwuliza kwanza habari ya kibali. Wasomaji wetu walioolewa ng'ambo ya mipaka na wajue kuwa kibali cha kukaa na mume si kibali cha kazi. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 yamtaka asiye raia awe na kibali kwa kazi yo yote ya malipo, na saa nne hazihesabiwi kuwa ndogo. Kujiuzia mwenyewe nako kumefungwa: amri ya Julai 2025 imewazuia wasio raia kufanya biashara ya rejareja, uwakala wa fedha za simu, hata kununua mazao shambani. Mke wa raia aweza kuomba uraia, lakini Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Kenya yaruhusu tangu 2010. Basi bibi huyu angelazimika kuuacha ule wa kwao, na mama yake yu hai Mombasa. Hilo si jambo la kumharakisha mtu.

Ama kodi ya nyumba, twaona bwana amekosea hesabu. Nafaka ya mke ni juu ya mume katika dini yetu, na Sheria ya Ndoa ya 1971 yasema hivyo hivyo. Ujira wa mke ni wake. Zaynab, mkewe Abdullah bin Mas'ud, alipouliza kama aweza kumpa mumewe sadaka, aliambiwa kuwa ana thawabu mbili, ya ujamaa na ya sadaka. Lakini ni yeye aliyeuliza; mumewe hakumpangia.

Bwana alinyamaza kidogo, kisha akatumimina chai. Mwenye duka ndiye apeleke maombi ya kibali, na ameahidi. Bibi asema ujira wa kwanza, ukija, utanunua blanketi zito. Na kwa sasa asubuhi zake azitumia kwa jirani, akijifunza maamkizi ya Kifipa.