Kilichofutwa na Kisichochongwa

Mtu hufa mara ngapi? Wamisri wa kale waliamini kwamba pumzi ikikatika, kifo bado hakijamaliza kazi. Jina likifutika, hapo ndipo mtu hupotea kabisa. Ndiyo maana walichonga majina yao kwenye mawe.

Namfikiria Hatshepsut. Binti wa Thutmose wa Kwanza, mjane wa Thutmose wa Pili. Mnamo 1479 KK alianza kushika hatamu kwa niaba ya mtoto wa mke mwenza. Miaka michache baadaye akajivika taji mwenyewe, na ndevu za bandia za wafalme, akatawala hadi mnamo 1458 KK. Alisukumwa na nini? Uchu wa kiti? Hofu? Wajibu?

Hekalu lake lingalipo Deir el-Bahari, limeegemea jabali, magharibi ya mto Nile. Ukutani, merikebu zake zinatoka Punt, nchi ya upande wa kusini wa Bahari ya Shamu. Wanaume wamebeba miti ya manemane ikiwa mizima, mizizi imo ndani ya vikapu. Nani hung'oa mti ungali hai na kuuvusha bahari, kama haamini kwamba kesho ni yake? Miti ile imekwisha, harufu yake imekwisha. Kimebaki kikapu cha jiwe.

Miaka kama 20 baada ya kifo chake, Thutmose wa Tatu, yule mtoto wa zamani, akaamuru afutwe. Sanamu zikavunjwa, jina likakwanguliwa. Penye picha yake, tindo ilifuata mstari wa mwili: bega, kiuno, unyayo. Ikaacha shimo lenye umbo lake.

Je, ilikuwa chuki? Chuki gani husubiri miaka yote hiyo? Huenda mfalme aliyezeeka alitaka tu kumsafishia mwanawe njia ya kiti. Nami najiuliza: aliyeshika tindo ile, akimfuata malkia kidole kwa kidole, hakumtazama kwa makini kuliko wengi waliomsujudia?

Huko Karnak mnara wake wa itale, wa karibu mita 30, ulizungushiwa ukuta ili usionekane. Katika maandishi yake, malkia alikuwa amewaza watu wa miaka ijayo watasema nini wakiziona kazi zake. Ukuta uliokusudiwa kumficha ukayakinga maneno hayo na jua na mikono ya watu. Leo tunayasoma.

Basi, amerudi? Tumempata mfalme, mjenzi, mwenye merikebu. Lakini alimwitaje bintiye Neferure jua likizama? Alicheka vipi? Alipofiwa na mumewe, alimlilia nani? Hayo hayakuhitaji tindo wala amri ya mfalme. Hayakuchongwa popote, yakaondoka naye.

Na wafu wetu je, wasio na hekalu wala mnara? Nilidhani msiba wa Hatshepsut ulikuwa kufutwa. Sasa naona kwamba pigo kubwa zaidi lilimpata kama linavyompata kila mtu, bila adui. Jiwe huhifadhi cheo. Mtu mwenyewe hukaa ndani ya waliomjua, nao ni wa kupita. Kujua hivyo hakuniondolei huzuni. Kunanieleza tu kwa nini huzuni hiyo ni ya haki.